Barabara tupu za Élisabethville: watu walikwenda wapi?

Swali: "Babu yangu alikuwa mpishi nyumbani kwa Mbelgiji mmoja hapa mjini. Alipofariki aliacha mkebe wa biskuti wenye foto kumi na moja na vioo viwili vyeusi vyenye picha ndani. Zote ni barabara na nyumba za zamani za Élisabethville, yaani Lubumbashi ya wakati wa Wabelgiji, na karibu zote hazina mtu. Mjomba wangu anasema kamera za zamani hazikuweza kumshika mtu anayetembea. Binti yangu, anayesoma chuo kikuu, anasema wakoloni walitufuta. Wamegombana mpaka chakula kikapoa. Nani kasema kweli?" Mama Furaha, Kamalondo, Lubumbashi.

Mama Furaha, nimezitazama picha zote kumi na moja ulizonitumia kwa simu, nikazirudia usiku nikiwa nimezikuza kwenye kompyuta. Nianze na mjomba kwa kuwa ndiye mkubwa. Anasema kweli, ila ni kweli ya Paris mwaka 1838, si ya Élisabethville. Binti naye kakaribia, lakini kufuta ni kazi ya mikono na huacha alama, na kwenye picha zenu nimeziona alama hizo mara moja tu. Kwa zilizobaki kuna jambo la tatu ambalo hakuna kati yao aliyelitaja. Itabidi nizunguke kidogo Ulaya na Unguja kabla sijarudi Kamalondo, univumilie.

Picha ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani ni ya mapaa na kuta. Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga kati ya 1826 na 1827 kutoka dirisha la nyumba yake, katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Alipaka lami nyembamba juu ya bamba la madini, akaliacha ndani ya kamera saa nane kwa uchache. Wapo wanaodhani ilikuwa siku kadhaa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine kamera ikiwa wazi, ndiyo maana kuta zinazotazamana zote zimepata mwanga. Kwa muda kama huo hata mbuzi aliyelala asingeonekana, maana mbuzi naye huamka.

Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga Boulevard du Temple, barabara ya Paris iliyojaa magari ya farasi na watembea kwa miguu. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa. Farasi wote wakapotea, magari yakapotea, umati ukapotea. Akabaki mtu mmoja kwenye kona, aliyesimama kusafishiwa viatu, mguu mmoja kauinua. Msafisha viatu mwenyewe yupo pia, lakini kama ukungu, kwa sababu mikono yake haikutulia. Samuel Morse, yule wa telegrafu, aliiona picha hiyo Machi 1839, akaandika kwao Marekani akishangaa kwamba barabara yenye watu wengi vile imekuwa tupu kabisa isipokuwa mtu huyo mmoja. Iweke akilini picha hiyo, nitairudia nikifika kwenye foto yako namba nne.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hukata karibu mita 1.4 kwa sekunde. Ukiacha lenzi wazi sekunde kumi, ameshavuka mita 14. Bamba linakusanya mwanga kama mtungi unaokinga matone: ukuta unadondosha mahali pamoja muda wote, mpita njia anadondosha tone moja hapa na jingine pale, na hakuna mahali panapojaa. Hakufutwa na mtu yeyote. Hakukaa tu.

Kwa hiyo tunapowaona wapiga picha wa kwanza wakiyakimbilia makanisa ya mawe, ngome na vichochoro vya vijiji, tusidhani ni mapenzi ya ukale peke yake. Jiwe halichoki kusimama. Mwingereza William Henry Fox Talbot alianzia nyumbani kwake, Lacock Abbey, jengo la mawe lililokuwa makao ya watawa. Negatifu ndogo (picha ambayo penye mwanga hutoka peusi na penye giza peupe) ya dirisha la nyumba hiyo, ya Agosti 1835, ndiyo negatifu ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizopo. Talbot alitumia karatasi. Nyuzi za karatasi huvunjavunja mistari midogo, jambo lililoziharibu sura za watu, lakini kwenye ukuta wa mawe mikwaruzo hiyo ilionekana kama uchakavu wa ukuta wenyewe. Mwaka 1844 alipiga mlango ulio wazi huku fagio limeegemezwa penye mlango. Mfagiaji hayupo. Fagio linaweza kutulia dakika nzima, mfagiaji hawezi. Nami huwa nafikiri pia kwamba Talbot hakumhitaji, fagio lilimtosha.

Mwaka 1851 tume ya majengo ya kale ya Ufaransa ilituma wapiga picha watano, Baldus, Bayard, Le Gray, Le Secq na Mestral, wakapige makanisa na majengo mengine makongwe, ijulikane yapi yanahitaji kutengenezwa. Picha zilipoletwa, tume ilizitia kabatini bila kuzichapisha. Mwaka huohuo Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, ute wa kunata unaoshika dawa ya picha, juu ya kioo. Muda ukashuka hadi sekunde chache, ila bamba lilipaswa kupakwa, kupigwa na kusafishwa likiwa bado bichi. Mpiga picha akawa anasafiri na hema la giza na chupa za dawa kama mganga aliyehama na vikapu vyake. Ni kwa njia hiyo Charles Marville, kuanzia miaka ya 1860, alipiga picha zipatazo 425 za mitaa ya kale ya Paris kabla haijabomolewa, na Thomas Annan akapiga vichochoro vya Glasgow kati ya 1868 na 1871. Kwa Annan mwanga ulikuwa haba, kuta zimebanana. Tazama watu wake: waliotulia wana nyuso, watoto wana miguu bila vichwa, na nguo zilizoanikwa juu zimekuwa moshi mweupe.

Unguja nako hivyohivyo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 studio za Wagoa, A. C. Gomes na Coutinho, ziliuza picha za Mji Mkongwe kwa wageni wa meli. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa zinang'aa kule juu, chini kichochoroni ni kama jioni. Mahali kama pale, mwenye duka aliyeketi barazani ataonekana mpaka vifungo vya kanzu, na hamali aliyepita na gunia atakuwa upepo.

Hadi hapo mjomba anashinda.

Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alipendekeza jelatini mahali pa kolodioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 mabamba makavu yalikuwa yanauzwa yamefungwa kwenye maboksi, tayari kutumika, na muda ukashuka chini ya sekunde. Mwaka 1888 George Eastman akaleta Kodak, kamera ya mkononi isiyohitaji miguu mitatu wala hema. Sasa tazama tarehe zetu. Élisabethville ilianza 1910 chini ya Émile Wangermée, mtawala wa Kibelgiji wa Katanga, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Kiwanda cha Union Minière, kampuni ya migodi, kilimwaga shaba yake ya kwanza 1911. Basi hakuna barabara ya mji huu iliyopigwa picha kabla ya hapo, na siku ya kwanza kamera ilipotegwa hapa, bamba kavu lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Kwa jua letu la kiangazi, mita 1,200 juu ya bahari, sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde ilitosha. Kwa muda huo mtu anayetembea husogea sentimita zisizofika 6. Akiwa mbali mita ishirini, humwoni hata kama ametikisika.

Nimwachie mjomba mlango mmoja wazi. Mpiga picha wa majengo hupenda kulifunga tundu la lenzi liwe dogo sana, ili ukuta wa karibu na mnara wa mbali vyote viwe vikali. Akifanya hivyo muda unarudi hadi nusu sekunde au zaidi, na vizuka, yaani watu waliotoka kama ukungu, vinarudi pia. Eugène Atget alifanya kazi Paris hivyo tangu mwisho wa miaka ya 1890 hadi alipokufa 1927, na kamera nzito ya mabamba ya sentimita 18 kwa 24, wakati watoto mitaani walikuwa na kamera nyepesi kuliko yake. Alitaka mawe, akapata mawe, na vizuka milangoni. Lakini hapo kamera hailaumiwi tena. Ni uamuzi wa aliyeishika.

Sasa jambo la tatu. Mchana mji wa Élisabethville ulikuwa umejaa watu weusi: wapishi kama babu yako, maboyi, waashi, wabeba mizigo, makarani, watu wa reli. Ni usiku ndipo walipotakiwa kuondoka, saa tatu kila asiye na kibali awe amekwisha toka kwenye mji wa Wazungu. Na kati ya mji huo na cité, mtaa wa Waafrika, ambao ndio Kamalondo yenu ulioitwa Albert, paliachwa ukanda mtupu wa makusudi. Kwa hiyo barabara tupu ya saa nne asubuhi haikuwa hali ya kawaida. Mtu aliitafuta.

Aliitafuta kwa sababu ya mnunuzi. Picha nyingi za barabara zetu ziliishia kuwa postikadi, nyingi zikichapwa Brussels na kampuni ya uchapaji ya Nels. Na kuanzia 1912 koloni lenyewe lilitoa kadi za posta zenye stempu iliyochapwa tayari na picha ya mandhari kando. Mzungu aliyenunua kadi alitaka kuwaonyesha watu wa kwao kwamba anaishi mjini: avenyu pana, miti kwa mstari, nyumba za matofali zenye baraza. Mtu akionekana barabarani angeuliza maswali ambayo kadi haina nafasi ya kuyajibu, kwa mfano nani amechoma matofali hayo. (Walichoma wazee wetu, na udongo wenyewe mwingi ulitoka kwenye vichuguu vya mchwa, mawe hayakukosekana, lakini kichuguu kilikuwa karibu na kilikuwa bure.) Watu walipigwa picha vilevile, tena kwa wingi, ila mahali pengine: kijijini, mbele ya nyasi, wamesimama upande na usoni, na chini pameandikwa jina la kabila. Casimir Zagourski, aliyefungua studio Léopoldville (Kinshasa ya leo) miaka ya 1920, aliuza mfululizo mzima wa kadi za namna hiyo, nzuri sana kwa macho, zenye Afrika isiyo na baiskeli wala bati.

Barabara zilipigwa bila watu, watu wakapigwa bila barabara. Hilo ndilo ningependa binti yako alitie kwenye hoja yake badala ya neno "kufuta". Mwambie pia atazame kazi za Sammy Baloji, mzaliwa wa hapahapa Lubumbashi, aliyechukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi akawaweka juu ya picha mpya za mitambo iliyoachwa. Amewarudisha mahali walipokatwa.

Wala tusidhani nyuma ya kamera walikuwa Wazungu peke yao. Kule Boma, Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos aliyekuja Kongo 1884, alipiga picha zilizochapishwa Ubelgiji katika miaka ya 1890. Alikufa 1905, amejiua, baada ya serikali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, kumgundua kuwa anawasaidia waliokuwa wakifichua maovu yake. Namtaja kwa sababu kila mara nikisema "mpiga picha wa zamani", watu huona kofia nyeupe ya Mzungu.

Na vijiji je? Miaka kumi hivi kabla ya mji huu, msafara wa Charles Lemaire (1898–1900) ulipita Katanga ukiwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Ukilinganisha picha za wakati huo na za miaka ya 1920 na 1930, usidanganyike na "barabara ya kijiji" iliyonyooka kama uzi. Vijiji vingi vilihamishiwa kando ya njia na nyumba zikapangwa mistari ili watu wahesabiwe na kodi ikusanywe bila shida. Anayeandika leo kwamba huo ni "mtaa wa asili" anasoma mpango wa bwana msimamizi.

Nirudi kwenye mkebe wako. Ukitaka kujua utupu wa picha umetoka wapi, usitafute watu kwanza. Tafuta majani. Hewa ya Lubumbashi haitulii kabisa, na ncha za matawi hutikisika hata asubuhi. Majani yakiwa makali, lenzi ilifunguka muda mfupi, na kama mtu angekuwepo angeonekana. Majani yakiwa pamba, muda ulikuwa mrefu, na huenda walipita kumi. Bendera ni nzuri kuliko majani, gurudumu la gari linalokwenda ni zuri kuliko bendera, na mbwa hasemi uongo kamwe: hajui kupozi.

Kwa kipimo hicho, foto zako saba zina majani makali na barabara tupu. Kwenye tano kati ya hizo milango ya maduka imefungwa na vivuli ni virefu, kwa hiyo ni mapema sana au jioni, na ningeweka pesa yangu kwenye Jumapili asubuhi. Mpiga picha huyu alingojea. Foto mbili, namba nne na namba tisa, zina majani ya pamba na vizuka. Hizo ni za mjomba. Moja, namba kumi, ina watu kabisa, wadogo kama mchwa upande wa kushoto karibu na mabehewa, nadhani hamkuwaona kwa sababu foto imefifia.

Namba nane ndiyo ya binti. Ni postikadi, ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona vichembe vya wino wa kiwandani, si ulaini wa foto iliyosafishwa kwa dawa. Katikati ya barabara pana kivuli chembamba kimelala chini, na hakina mwenyewe. Hakuna nguzo, hakuna mti. Watu wa kurekebisha mabamba walikuwa mafundi hasa, waliweza kukwangua mtu kwa kisu kidogo au kumfunika kwa rangi, wakapaka vumbi la barabara mahali pake, lakini vivuli vilikuwa vikiwaponyoka. Sijui kama walimwondoa kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu alikuwa ametikisika. Mafundi hao waliondoa hata mikokoteni. Ila alikuwepo, na aliondolewa kwa mkono.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe, kwa nini udongo wetu mwekundu umetoka mweusi na mbingu nyeupe kama karatasi. Mabamba ya awali yaliona buluu tu, wala nyekundu hayakuiona hata kidogo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa kwenye dawa, bamba huanza kuona kijani na manjano; mabamba yanayoona rangi zote yaliingia sokoni 1906, lakini watu wengi waliendelea na yale ya zamani kwa miaka mingi kwa kuwa yalisafishwa chini ya taa nyekundu bila kuharibika. Matokeo yake, mbingu ya buluu iliungua ikawa nyeupe, na matofali ya Katanga, vumbi la Katanga na ngozi zetu vikazama gizani pamoja. Mtu mweusi aliyesimama kivulini mbele ya ukuta wa matofali mekundu, kwa bamba lile, ni karibu haonekani. Kwa hiyo ukimkuta mtu wa namna hiyo usikimbilie kusema picha imeharibika. Ongeza mwangaza kwenye kompyuta polepole, upande wa giza tu, ukae ukitazama. Nimewahi kupata watoto watatu dirishani kwa njia hiyo.

Kuhusu vioo viwili: hayo ni mabamba halisi, wazee wetu wa studio waliyaita klishe. Umesema ni makubwa kama kiganja. Hiyo ni sentimita 9 kwa 12, saizi ya kamera za kukunja walizokuwa nazo watu wa kawaida, si mafundi wa postikadi ambao wengi walitumia 13 kwa 18. Ninahisi alipiga yule mwajiri wa babu yako mwenyewe. Tafadhali usiyaoshe. Nilipokuwa kijana studio niliosha bamba moja kwa maji ya uvuguvugu, nikidhani nalitendea wema, na picha yote ikateleza ikatoka kama utandu wa maziwa, nikabaki na kioo safi mkononi. Mwenye bamba alinitazama tu. Lishike kingoni. Upande unaong'aa ni kioo, huo unaweza kuupangusa kwa kitambaa kikavu. Upande uliofifia ndio wenye picha, huo usiuguse hata kwa kidole, vumbi lipeperushe kwa brashi laini. Kila bamba lifungwe peke yake kwenye karatasi isiyo na asidi, yasimame wima kwa ubavu mrefu kama vitabu rafuni, yasilaliane. Plastiki iache: ikifika mvua za Desemba hutoa jasho, na jelatini ni chakula cha kuvu na cha mende. Wala usiyaweke juu karibu na bati.

Nakala unaweza kuitengeneza leo jioni. Washa tableti ya binti, iweke ukurasa mweupe mtupu, juu yake laza kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga lakini huoni ng'ambo yake, ili nukta za skrini zisionekane, kisha bamba, upande wa kioo juu. Zima taa za chumba, piga kwa simu ukiwa wima kabisa, halafu geuza rangi kwenye simu. Kwa kuwa umelitazama kupitia kioo, maandishi ya mabango yatasomeka sawa. Yakisomeka kinyume, uliliweka kichwa chini.

Mwisho, foto namba nne, ile ya nyumba yenye baraza ndefu, ambayo unasema bado imesimama na sasa ni duka la dawa. Unaliona lile doa la moshi kwenye baraza, kulia kwa mlango? Nimelikuza. Chini kuna miguu miwili, pekupeku, mikali kabisa mpaka vidole. Kuanzia kiunoni panaanza kutikisika, mabega bado yapo, mikono haipo, na mbele ya miguu pana mistari myembamba iliyotawanyika sakafuni kama upepeo. Ni mtu anayefagia. Amesimama mahali pamoja, miguu imetulia, mikono inakwenda: msafisha viatu wa Paris na yeye walipotea kwa njia moja. Mwenye kamera hakumwambia asogee wala hakumwambia atulie, labda hakumwona.

Kama ni babu yako siwezi kusema, na uso haupo. Lakini nenda pale na utepe wa kupimia. Kivuli cha ukingo wa paa kinaangukia upande wa kusini, kwa hiyo jua lilikuwa kaskazini; kwetu hiyo ni kuanzia mwisho wa Februari hadi mwisho wa Oktoba, kwa maana karibu na 18 Februari na 24 Oktoba jua la saa sita hukaa utosini na nguzo haina kivuli. Ukienda Juni au Julai utaona ukuta kama alivyouona mpiga picha. Mfagiaji amesimama karibu kabisa na matofali, ndiyo bahati yetu. Pima mstari mmoja wa tofali pamoja na udongo wake wa kuungia, kisha zidisha. Kutoka sakafuni hadi begani kwake nimehesabu mistari kumi na saba. Mjomba atakuwa anakumbuka urefu wa baba yake.